PAMBA SIYO WINGI: Jinsi ya kununua nguo kwa mpango hata kama mfuko ni mdogo

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu anakifanya kila asubuhi: kuvaa.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya mabishoo. Subiri kwanza, tupige hesabu. Chukua kijana anayepita sokoni kila Jumamosi na kuokota nguo mbili za shilingi 3,000 kila moja. Hela ndogo, au siyo? Sasa zidisha kwa wiki 52. Inakuja shilingi 312,000 kwa mwaka, na nguo 104. Halafu kijana huyo huyo apigiwe simu kwamba kesho saa mbili asubuhi ana usaili wa kazi. Muulize atavaa nini. Atakwambia "sina nguo". Na wala hadanganyi! Amenunua nguo 104 na hana nguo.

Hapo ndipo ilipo mada yangu. Kupendeza siyo wingi wa nguo wala ukubwa wa bei. Ni kujua kwanza wewe ni nani na siku zako zinakwendaje, halafu ndiyo unakwenda sokoni. Wengi wetu tunaanza kinyume: tunakwenda sokoni kwanza, soko linatuambia tuwe nani. Kwa mtu mwenye hela za kuchezea hiyo siyo shida. Kwa sisi ambao tumemaliza shule juzi juzi na kipato kinakuja kwa kubahatisha, ni shida kubwa, kwa sababu hela hiyo hiyo ndiyo nauli, ndiyo ada ya chuo, ndiyo mtaji wa genge.

TULIFIKAJE HAPA

Kabla ya maujanja, historia kidogo, maana ukijua soko lilikotoka hutababaishwa nalo.

Wazazi wetu hawakuwa na tatizo la nguo nyingi. Miaka ya mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980 bidhaa za dukani zilikuwa adimu, na uingizaji wa mitumba ulikuwa umepigwa marufuku. Nchi ilitaka tuvae vya kwetu, kutoka viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex cha Mwanza. Hata mtindo wenyewe ulikuwa na mipaka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969: vimini, mawigi, mikorogo na suruali za kubana vyote vikapigwa vita, na kuna wasichana waliosumbuliwa mitaani kwa sababu ya sketi tu. Kwa hiyo wadau, ugomvi wa "vijana wa siku hizi wanavaaje" haukuanza na mlegezo.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara, na kuanzia 1985 chini ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, milango ikafunguka zaidi. Mitumba ikaingia na haijatoka tena. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana waiondoe sokoni hatua kwa hatua, lengo likiwa 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani, ambako nguo nyingi zinatoka, ikaja juu na kutishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha msamaha huo kwa nguo zinazotoka Rwanda.

Nimeyataja haya ili uone kitu kimoja. Ile fulana unayoipigia bei ya buku mbili imepita mikononi mwa watu wengi wanaoitegemea. Soko limejaa, na litaendelea kukujazia mikono usipokuwa na mpango.

ROBOTA LINAVYOFANYA KAZI

Nguo zinachangwa au kukusanywa Ulaya, Marekani, Kanada na siku hizi China pia. Zinachambuliwa kwa aina na ubora, zinafungwa kwenye marobota, mengi ya kilo 45 hivi, na kupakiwa kwenye makontena. Muuzaji wa Karume, Manzese au Memorial kule Moshi ananunua robota likiwa limefungwa. Anajua ni la mashati au ni la magauni ya watoto, ila hajui ndani kuna nini. Ni kama bahati nasibu. Akifungua akakuta nusu yake ni matambaa, hasara ni yake.

Kwa hiyo siku ya kufungua robota yale mazuri yanapangwa pembeni na kutajwa bei ya juu ili arudishe hela yake mapema. Wakenya pale Gikomba wana jina zuri kwa mchaguo huu wa kwanza, wanauita kamera. Yanayobaki yanashuka bei siku hadi siku, mpaka unafika ule mlima wa "chagua jero, chagua buku". Wao kule mabaki hayo wanayaita fagia.

Sasa sikia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule anayekupigia kelele na spika ya buku buku anauza kilichoachwa na wengine. Simaanishi hakuna kitu humo. Vipo! Lakini unahitaji jicho, muda, na kujua unachotafuta. Ukienda mlimani bila kujua unachotafuta utatoka na vitu sita ambavyo hakuna kimoja kinachoendana na kingine. Na kama unataka kitu maalumu chenye ubora, muulize muuzaji wako anafungua lini, uwahi asubuhi, na ukubali kulipa zaidi kidogo.

HATUA YA KWANZA: HESABU ULIVYONAVYO

Hii haigharimu hata shilingi. Toa nguo zako zote kitandani. Wengi wetu hatuna kabati la mlango wa kioo, nguo zipo kwenye begi au sanduku, na nyingine kwenye kamba nyuma ya mlango. Sawa tu. Zirudishe zote kwenye begi, na uweke mfuko mtupu pembeni. Kwa siku 30, kila nguo utakayovaa, ikishafuliwa inaingia kwenye ule mfuko, hairudi begini. Mwezi ukiisha angalia kilichobaki begini. Hicho ndicho ulichonunua na hukivai.

Mshikaji wangu mmoja wa Buguruni nilimpa zoezi hili. Alikuwa na fulana 19. Mwezi ulipoisha alikuwa amevaa saba tu. Na katika hizo saba, tano zilikuwa hazina maandishi, za rangi ya kijivu, nyeusi au bluu ya giza. Kumi na mbili zilizobaki begini karibu zote zilikuwa na maandishi makubwa kifuani. Hakuna mtu aliyemwambia mtindo wake ni upi. Begi lilimwambia.

Ndiyo maana nasema mtindo wako tayari unao. Haupo kwenye video ya msanii. Upo kwenye ile nguo unayoifua usiku ili uivae tena kesho. Ichunguze. Inakubana wapi na kukuachia wapi? Ni rangi gani? Kitambaa gani? Watu wanakwambia nini ukiivaa? Andika majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo sokoni.

HATUA YA PILI: ANGALIA WIKI YAKO

Chora siku saba. Andika unakuwa wapi na unafanya nini. Dereva wa bodaboda anahitaji koti la upepo na suruali ngumu, hahitaji suti tatu. Binti anayeuza duka la vipodozi anasimama mchana kutwa mbele ya wateja, viatu vyake ni muhimu kuliko mkoba wake. Mtu anayetafuta kazi anahitaji seti moja iliyokamilika ya usaili, iliyonyooshwa na kutundikwa, hata kama haijaitwa bado. Mwanachuo anahitaji nguo za kurudia rudia bila watu kuchoka kuziona.

Ukishachora utashangaa. Wengi siku tano au sita za wiki ni kazini, darasani au nyumbani, na siku moja ndiyo ya kutoka, iwe kanisani, msikitini au kwenye shughuli. Lakini hela tunazimalizia kwenye ile siku moja! Jumatatu mpaka Ijumaa tunavaa vilivyochoka.

Usisahau hali ya hewa. Joto la Dar, Tanga na Zanzibar ni la jasho, na nguo za nailoni na poliesta zinashika jasho na harufu. Tafuta pamba (ile pamba ya shambani, siyo pamba ya mtaani!) au kitani. Lebo nyingi za mitumba zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo likariri neno "cotton". Ukiona 100% hapo umepata. Wenzetu wa Njombe, Mbeya, Lushoto na Arusha mnajua baridi ya Juni na Julai haina utani, na huko sweta siyo urembo. Dokezo la bure: ukiwa Dar na unakwenda kusoma mikoa ya baridi, tafuta koti zito huku huku miezi ya joto kali, Desemba mpaka Februari. Nani atagombania na wewe koti la sufi kwenye jua la Ilala?

HATUA YA TATU: JUA VIPIMO VYAKO

Nguo ya bei mbaya isiyokukaa inaonekana ya kuazima, na wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri maungo. Nguo ya elfu tatu iliyokukaa vizuri, watu watakuuliza umenunua duka gani.

Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako akupime: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa mguu. Ziandike namba hizo kwenye simu. Masoko mengi hayana chumba cha kujaribia, kwa hiyo beba futi ya cherehani mfukoni. Ni nyepesi na haikudanganyi.

Namba za lebo nazo zinachanganya. Gauni la Uingereza namba 10 ni sawa na 38 ya bara la Ulaya, na ni sawa na 6 ya Marekani. Ndiyo maana dada mmoja anaweza kuvaa namba tatu tofauti na mwili wake ni ule ule. Suruali za jinzi mara nyingi zina namba mbili, kwa mfano W32 L34: ya kwanza kiuno, ya pili urefu wa mguu kwa ndani, zote kwa inchi. Kiatu cha kiume namba 8 ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya. Hata hivyo nguo ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi na huenda ilishapungua, kwa hiyo iamini futi kuliko lebo. Na hapo mtumba una faida yake: kama ni kuchuja rangi au kuvuta, imeshachuja na kuvuta huko ilikotoka. Nguo mpya itakufanyia hayo nyumbani kwako.

Sasa kuhusu rangi. Hapa tujifunze kwa majirani zetu wa Kongo, maana kwa mavazi wale ni maprofesa. Mashabiki wa dansi mnamkumbuka Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki Aprili 2016. Yeye alikuwa nembo ya Sape, ule utamaduni wa watanashati wa Kinshasa na Brazzaville. Watu wanaona suti za bei mbaya tu na kudhani ni fujo la rangi. Lakini watanashati wa Brazzaville wana kanuni maarufu: rangi zisizidi tatu kwa vazi moja. Hata mwenye koti la waridi kali amehesabu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa mfuko wetu kanuni hiyo ina faida nyingine, ni ya hela. Chagua rangi mbili za msingi, mfano bluu ya giza na kahawia, au nyeusi na kijivu. Suruali, sketi, viatu na mkanda viwe vya rangi hizo. Halafu chagua rangi moja au mbili zinazokuchangamsha kwa upande wa juu. Ukiwa na vya chini vitatu na vya juu vitano, na vyote vinaelewana, una mivao 15 tofauti kwa nguo nane. Yule mwenye nguo 40 zisizoelewana hana 15.

HATUA YA NNE: SIKU YA SOKO

Nenda na orodha fupi, vitu viwili au vitatu, umeandika kabisa: "kadeti ya bluu ya giza, kiuno 32" au "blauzi nyeupe ya mikono mirefu". Nenda na hela ya hivyo tu pamoja na nauli. Hela nyingine, zikiwemo zile za kwenye simu, ziwe zimeshapangiwa kazi. Nenda umeshakula. Hii siyo utani, njaa na jua vinamfanya mtu akubali chochote ili aondoke.

Ukishika nguo, usikimbilie kutaja bei. Ikague kwa utaratibu huu:

1. Inyanyue uitazame kwenye mwanga. Vitobo na sehemu zilizopungua unene vitaonekana.

2. Angalia kwapani na kwenye kola. Doa la njano la jasho la zamani ni gumu sana kutoka, usidanganywe na "ukiloweka tu linatoka".

3. Angalia msamba na magoti ya suruali. Hapo ndipo jinzi zinapoanza kufa.

4. Panda na kushuka zipu mara tatu. Hesabu vifungo.

5. Geuza ndani nje uone mshono. Nguo iliyoshonwa vizuri ina mshono ulionyooka, na nyuzi hazining'inii.

6. Pima mabega kwa futi. Kama mabega yamekataa, rudisha. Usijadiliane.

Kwa nini mabega? Kwa sababu fundi anaweza kupunguza urefu, kubana kiuno, kubadilisha zipu, kukata mikono, kubana miguu ya suruali. Hizo ni kazi ndogo. Kurekebisha mabega ya koti ni karibu kulishona upya, na kitambaa kilichochoka hakuna fundi atakayekifufua. Gharama ya fundi iweke kwenye bei kabla hujalipa. Kadeti ya 15,000 inayohitaji kazi ya fundi ya 3,000 siyo kadeti ya 15,000.

Viatu nunua alasiri, mguu umeshavimba kidogo kwa kutembea. Kikunje katikati uone kama soli inaachia gundi, weka mkono ndani usikie kama kuna misumari au soli ya ndani imeliwa. Vaa vyote viwili, siyo kimoja.

Nguo za ndani za mitumba achana nazo kabisa. TBS wamezipiga marufuku kwa sababu za kiafya, na bado unazikuta mezani. Hela ya boksa au sidiria mpya itafute. Na hizo nguo nyingine, ukifika nyumbani fua kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, anika juani, piga pasi, ndiyo uvae.

Soko la kwenye simu lina kanuni hizo hizo. Wauzaji wengi wamehamia Instagram na WhatsApp, na picha zinapendezesha kila kitu. Usiulize "saizi gani?" tu. Uliza kiuno inchi ngapi, mabega inchi ngapi, na uombe picha ya kwapani na ya lebo. Muuzaji mkweli atakutumia. Anayekasirika ameshakujibu.

HESABU YA KILA UNAPOVAA

Bei halisi ya nguo siyo uliyomlipa muuzaji. Ni bei hiyo ugawanye kwa mara utakazoivaa. Ile kadeti ya 15,000, na fundi 3,000, jumla 18,000. Ukiivaa mara mbili kwa wiki kwa mwaka ni mara 104. Kila ukiivaa imekugharimu kama shilingi 173. Sasa chukua shati la 4,000 lenye maua uliyoyapenda ghafla, ukalivaa mara mbili likalala begini. Limekugharimu 2,000 kila ulipolivaa. Lipi ghali?

Kwa hiyo mbele ya nguo yoyote jiulize maswali matatu. Nitaivaa na nini ambacho tayari ninacho? Nitaivaa siku gani ya wiki hii? Ingekuwa bei mara mbili, ningeitaka bado? Ukikosa jibu hata moja, iache. Swali la tatu ndilo linalotenganisha unachokipenda na kile unachokihurumia kwa sababu ni cha bei chee.

NA HIZI SARE ZA SHUGHULI JE?

Hapa najua nitagusa watu, lakini tuseme ukweli. Mtu anaweza kuwa na nidhamu ya soko mwaka mzima, halafu sare zikammaliza. Kicheni pati ina sare yake, sendofu yake, harusi yake, na bado kuna mchango kwenye kadi. Kitambaa, fundi, viatu vya kuendana navyo. Unavaa siku moja, picha zinapigwa, basi. Mara ya pili unaona aibu kwa sababu kila mtu anajua ile ni sare ya harusi ya fulani.

Sisemi tuache kusherehekea. Shughuli ni watu, na sisi ni watu wa watu. Ila kuna njia. Kwanza, kama upo kwenye kamati, pendekeza rangi badala ya kitambaa. "Tuvae kijani" inamruhusu kila mtu atafute anachokiweza, mtumba au special, na atakirudia. Pili, kama kitambaa kimeshapangwa, mwambie fundi akushonee vipande viwili, sketi na blauzi, badala ya gauni moja refu. Sketi ya kitenge ukiivaa na fulana nyeupe hakuna atakayekumbuka harusi. Wanaume, shati la kitenge likatwe kawaida, bila mapambo ya jina la bwana harusi mgongoni. Tatu, kama huna uwezo, sema mapema na kwa heshima: "Dada, mchango wangu utaupata na kazi nitafanya, ila sare safari hii nimeshindwa, nitavaa rangi inayokaribiana." Anayekupenda ataelewa. Kukopa kwa ajili ya kitambaa cha siku moja wakati kodi ya chumba inadaiwa, huo siyo upendo.

KWA NINI TUJISUMBUE

Kuna mtu atasema nguo ni nguo tu, mwenye akili haangaliwi mavazi. Ingekuwa vizuri, lakini dunia tunayoishi siyo hiyo. Ukiingia ofisini kuomba kazi, benki kuulizia mkopo, au hata kituo cha polisi kumwekea mtu dhamana, wanakutazama kabla hujafungua mdomo. Mtoto wa kigogo akivaa ndala wanasema ana mapozi. Wewe ukivaa ndala wanakuuliza "unasemaje?" Siyo haki, ila ndiyo hali. Kwa kijana asiye na jina, mwonekano nadhifu ni barua ya utambulisho anayoweza kujiandikia mwenyewe.

Na sijasema mwonekano wa gharama. Nimesema nadhifu: nguo safi, imenyooshwa, imekukaa, kiatu kimepigwa rangi. Hivyo vinne vipo ndani ya uwezo wa karibu kila anayesoma hapa. Na zile 312,000 za mwanzo? Chukua 120,000 ununue vitu vinane vya maana kwa mwaka, fundi humo humo. Zinabaki 192,000. Hiyo siyo hela ya kutajirika, lakini inatosha mtu kuanza meza ya kuuza vocha na karanga, au kuanza kulipia kozi ya udereva.

Wiki hii usinunue kitu. Toa nguo, anza ule mfuko wa siku 30, pima mwili, chora wiki yako. Soko halihami. Karume iliungua Januari 2022 na bado watu wakarudi kuuza. Mwezi ujao nguo zitakuwepo, na wewe utakuwa unajua unachokifuata.

Wadau wa Arusha, Mwanza, Mombasa na kwingineko, hebu tuambieni huko kwenu robota zinafunguliwa siku gani na fundi mzuri anapatikana mtaa upi. Tupeane maujanja, maana hela ni ngumu kwa wote.

Tuko pamoja.